Shule ya siku mbili kwa wiki: nimtoe binti yangu au nimwache alipo?

Mama Nuru: Habari za humu wapendwa. Niko Arlington, Texas. Binti yangu ana miaka 8, darasa la tatu, shule ya serikali. Nyumbani anaongea mpaka namwambia apumue kwanza, shuleni hanyooshi mkono. Juzi nimekuta karatasi saba za hesabu chini ya begi, zote zimeishia katikati, na hakuna mwalimu aliyenipigia simu.

Mama mmoja wa kanisani anafundisha watoto tisa sebuleni kwake, Jumanne na Alhamisi. Siku zilizobaki mzazi anamsimamia mtoto nyumbani kwa kazi alizopewa. Ada dola 350 kwa mwezi. Mimi nahudumia wazee, shifti za usiku tatu kwa wiki. Mume yuko barabarani na lori hadi Ijumaa. Naogopa pia nisije nikaambiwa mtoto ni mtoro.

Kobe Mzee: Sisi tulikuwa tisini darasani, wengine tumekalia matofali. Mbona tumefika?

Binti Pangani: Uliofika nao ni wangapi, mkuu?

Mwana wa Bandari: Dada, la serikali lisikutie hofu. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua mwaka 1994, kesi ya Leeper, kwamba kumsomesha mtoto nyumbani ni sawa na shule binafsi. Huombi kibali. Unatakiwa ufundishe kwa dhati, uwe na vitabu au video, na usikose kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sayansi haimo, ila usiiache! Wengi wanaponzwa na kuacha tu kumpeleka mtoto bila kuaga. Andika barua ya kumtoa, weka tarehe, tuma kwa baruapepe ubaki na nakala.

Binti Pangani: Wangu walikaa mwaka mzima kwenye mtindo huo. Mdogo alifunguka, sikatai. Kazi ilikuwa siku za nyumbani. Narudi kazini saa mbili asubuhi, tunakaa mezani na hesabu zetu za sehemu. Siku moja nasikia, "Mama, mbona robo tatu umeiandika mara nne?" Nimesinzia na kalamu mkononi. Kabla ya ada, hesabu kwanza siku ambazo kuna mtu mzima aliye macho.

Kobe Mzee: Si kuna hela ya serikali ya kumsaidia mzazi kusomesha sasa?

Mwana wa Bandari: Sheria ilisainiwa 2025, mpango ni wa kuanzia mwaka wa shule 2026-27. Anayesomeshwa nyumbani kikomo ni dola 2,000 kwa mwaka. Wa shule binafsi yenye ithibati anapata zaidi sana, lakini sebule ya mtu sidhani kama ina ithibati, muulize. Na 350 kwa miezi tisa ni 3,150. Piga hesabu zako bila kuitegemea hiyo hela.

Mama Nuru: Asanteni, hata Kobe. Nimekaa na kalenda. Nikipewa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku, inayokufa ni Jumatatu tu, nitambembeleza msimamizi. Jumanne naenda kukaa nyuma ya hiyo sebule nimwone Nuru akiwa na wenzake. Barua sijaandika.

Binti Pangani: Nenda umelala vizuri lakini.