Nadharia yenu ya "VVU havisababishi Ukimwi" imemzika dada yangu, na bado mnaisambaza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo.

Hii ni wiki ya sita tangu tumzike dada yangu. Alikuwa kwenye dozi miaka mingi, kidonge kimoja kila usiku, na kadi yake ya kliniki mara ya mwisho aliponionyesha ilisoma virusi havionekani. Anauza vitenge vyake, ananenepa, anagombana na wateja. Halafu mtu akamrushia uzi wa "ukweli uliofichwa": VVU ni kirusi kisicho na madhara, kinachoua ni ARV zenyewe.

Kliniki aliendelea kwenda ili tusimshtukie, na dawa alichukua. Tulipokuwa tunakusanya vitu vyake nilikuta makopo sita chini ya kitanda, nyuma ya ndoo ya unga, hayajafunguliwa hata kifuniko. La saba lilikuwa nusu. Hilo alikuwa amelijaza pamba, kama alivyozoea zamani, ili vidonge visigonge gonge ndani ya mkoba akiwa kwenye daladala.

Kilianza kichwa. Alikuwa anajifunga khanga kichwani, ananiambia kaza, nikikaza anasema bado, kaza. Hospitali walipima maji ya uti wa mgongo wakakuta fangasi wameshafika kwenye ubongo. Alidumu wodini siku kumi na moja.

Nimeisoma hiyo nadharia yenu. Peter Duesberg, profesa wa Berkeley kule Marekani, alianza 1987 kudai kwamba VVU havina madhara, baadaye akasema wanaokufa wanamalizwa na madawa ya kulevya na AZT, ARV ya kwanza kabisa. Haya. AZT iliidhinishwa Marekani mwaka huohuo 1987. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera 1983. Wale waliokonda mpaka ugonjwa ukapewa jina la Juliana, AZT waliitoa wapi? Nani alikuwa anawapelekea kokeini kwenye migomba?

Kama ya Kagera hamyataki, angalieni Uingereza. Kuna watu wenye himofilia, damu yao haigandi, na wengi walitibiwa kwa bidhaa za damu zilizokuwa na VVU. Watafiti waliwafuatilia. Katika wenye himofilia kali ambao hawakuambukizwa, vifo vilibaki 8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa walioambukizwa vilipanda mpaka 81 kufikia 1991 na 1992. Ugonjwa wao wa damu ni uleule. Nielezeni kilichowatofautisha kama si kirusi.

Na Afrika Kusini ilijaribiwa kwa nchi nzima. Rais Mbeki alimweka Duesberg kwenye jopo lake la mwaka 2000, waziri wake wa afya akawa anasifia vitunguu saumu na bitiruti, dawa zikacheleweshwa. Watafiti wa Harvard walikadiria 2008 kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Hao wote walikuwa na ndugu waliowakazia khanga.

Najua mtakachojibu, maana mnamjibu hivyo kila mtu: "Hata Barry Marshall walimbishia." Ndiyo, daktari huyo wa Australia walimbishia. Alisema vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, na 1984 akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaumwa, wakampima tumbo wakakuta limevimba ndani. Madaktari wengine wakapima kwa wagonjwa wao, wakaona wakiua bakteria vidonda havirudi. Nobel akapewa 2005 pamoja na Robin Warren. Hata Wegener, mwanasayansi Mjerumani aliyesema mabara yanasogea, alianza kulisema 1912 akafa Greenland 1930 wengi hawajamkubali, mpaka sakafu ya bahari ilipopimwa vizuri ndipo ikamtetea. Sina ugomvi na anayebishana na wakubwa, sayansi inamhitaji. Ila hao walileta kitu cha kupimwa, kikapimwa, kikasimama. Yenu imepimwa zaidi ya miaka thelathini na inaanguka kila mara, ninyi mnasema imefichwa. Imefichwa wapi, wakati iko kwenye simu ya kila mgonjwa?

Marshall alijaribia tumbo lake. Ninyi mmejaribia kwa dada yangu, na aliyeandika anaendelea kula ugali wake nyumbani.

Kwa aliye kwenye dozi anayesoma hapa na ameanza kusitasita: usiache. Nenda kliniki kesho, waambie ukweli siku ulizoruka, hawatakufukuza.

Yule aliyemrushia dada ule uzi nilimfuata inboksi. Alinipa pole. Kisha akaniandikia kwamba huenda dada alichelewa kuziacha. Uzi wake mpaka usiku huu upo.