Kama furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wote ni "jinsi" moja, si mnaamini evolusheni kuliko hata Darwin?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Juzi baada ya ibada tumekaa na jamaa zangu, mtoto wa mmoja wao yuko form four wamefika mada ya evolusheni (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi), baba anamwambia "andika upate maksi ila usiamini, hiyo nadharia tu". Mi nasali hapo hapo na tulibishana mpaka chai ikapoa. Kwanza hilo neno nadharia linatuponza, kwetu mtu akiongea kinadharia maana yake maneno matupu, ila kwenye sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa yakasimama, hata kwamba vijidudu vinaleta magonjwa ni nadharia na bado tunanawa mikono.

Afu mnasema hakuna aliyeiona ikitokea. Wakubwa humu mnakumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria, unameza usiku kucha unajikuna? Ilikua inaponya kweli. Ila vimelea vichache vya malaria vilikua na mabadiliko ya kuihimili, wenzao wakafa wao wakazaana, mpaka 2001 Tanzania tukaiacha tukahamia SP, dawa nyingine ya malaria, nayo haikudumu, 2006 ikaja dawa mseto. Hakuna aliyevifundisha hivyo vimelea. Ndo kitu alichoandika Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, 1859, na yeye hata jeni alikua hazijui.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu unachanganya madesa. Kimelea cha malaria kimebaki kimelea cha malaria, hakijawa panzi. Mabadiliko madogo ndani ya jinsi, yaani kundi la viumbe kama lilivyoumbwa mwanzo, nani anakataa? Mwanzo 1 inasema wazi kila kiumbe kwa jinsi yake, na dunia haizidi miaka 6,000. Na kama tulitoka kwa nyani mbona wapo mpaka leo, pita Mikumi uone wamekaa barabarani wanasubiri ndizi.

Mchangiaji wa pili:
Hii maneno Kenya tulikuwa nayo 2006. Makavazi (makumbusho) ya Nairobi yakirekebishwa, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakapinga mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, kupewa nafasi ya mbele, yule mtafuta mifupa Kamoya Kimeu alipata 1984, wa kama miaka milioni 1.5. Richard Leakey, mtafiti wa mifupa ya kale, akakataa kabisa kuificha. Mifupa ikawekwa, makanisa hayajafungwa, watu wanaenda zote mbili. Mimi nashindwa kelele ilikuwa ya nini.

Mleta mada:
Asante jirani. Sasa wewe wa Mikumi, nyani mnamuonea bure, hakuna mwanasayansi anayesema mtu katoka kwa yule, wala kwa sokwe wa Gombe. Sokwe na sisi tuna babu mmoja wa zamani sana, basi.

Turudi kwenye jinsi maana hapo ndo pazito. Nenda Mwanza kaulize wavuvi habari za furu. Ziwa Victoria lina, au niseme lilikua na kabla sangara hajaletwa kuwamaliza, aina kama 500 za furu, kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaovunja konokono, kuna wengine kazi yao kula mayai na watoto wa wenzao, na kila mmoja taya na meno ya kazi yake. Waliochimba tope la chini ya ziwa wanasema lilikauka likaja kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na hiyo wanasayansi wenyewe wanaona ni haraka ya ajabu. Sasa kwa hesabu yako hao wote ni jinsi moja iliyobadilika kidogo kidogo, na muda unaowapa ni 6,000! Mi nasemwa naamini evolusheni kumbe we ya kwako ina mbio kuliko ya maprofesa.

Mchangiaji wa kwanza:
Furu ni samaki, safinani hawakuingia.

Mleta mada:
😂 Haya, tuchukue paka. Simba, chui, duma na huyu mwizi wa dagaa jikoni, wenzako wengi wanasema waliingia wawili tu wa jinsi ya paka wakatoka wote hao baada ya gharika. Ilichukua miaka mingapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Na uhai wa kwanza ulitoka wapi? Mbona hapo mnakwama?

Mleta mada:
Hapo kweli hakuna mwenye jibu kamili, nakupa. Ila ni swali lingine, evolusheni inaanzia pale uhai ukishakuwepo. Usihamishe goli kaka, mi bado nasubiri ya paka.