Kampuni ya vinyago vya vita ianze na nini: sheria za bure, spea ama stoo ya karibu?

MkonoMmoja: Wasee, kampuni nanunuanga vinyago, vile visanamu vya kucheza vita mezani (msiniulize gani), imetutumia maswali inataka kujua iboreshe nini, na unachagua kitu kimoja tu. Sheria za mchezo ziwe bure kwa PDF, ama watume kipande kilichokosekana bila maneno mengi, ama wafungue stoo huku Afrika. Mimi ni spea. Boksi langu la mwisho fremu moja (ile plastiki vipande hukuja vimeshikana nayo) ilifika imevunjika, mshika mkuki hana mkono, nikaandika barua pepe wakaitisha risiti, nikatuma, wakasema jina la risiti si langu, eti ni la jamaa wa kago, yule huniagizia mzigo! Sasa ningenunuaje bila yeye?

DaduSita: Pole, ila sheria kwanza. Angalia mchezo wa Warhammer 40,000, toleo la 8 lilitoka 2017, la 9 2020, la 10 2023, yaani bado unalipia kitabu cha sheria za jeshi lako na tayari kinaelekea kufungia mandazi. Sheria za msingi za la 10 waliweka bure, hapo wapewe haki yao, lakini kitabu cha jeshi ndicho kinauma. Corvus Belli wa Uhispania wanaachilia sheria za mchezo wao Infinity bure pamoja na programu ya kupanga jeshi, na pesa wanapatia kwa vinyago.

NgaraFundi: Stoo mtoe kabisa. Ikiwa Johannesburg huo bado ni mzigo wa nje, KRA wa ushuru wako palepale na VAT ni ileile 16%.

MkonoMmoja: @DaduSita bure haigundishi mkono bro

ShoshWaMizinga: Vijana, mimi nimechezea meza nyingi. Jumamosi alikuja kijana na simu tu, tukampa sheria za bure za One Page Rules, zile haziulizi kinyago ni cha kampuni gani, akapanga vifuniko vya soda kama jeshi, akanichapa raundi ya nne na kelele juu. Jumamosi iliyofuata alikuja na boksi lake. Angeambiwa anunue kitabu kwanza angerudi zake mtaani Umoja na hatungemwona tena. Na mchezo wa BattleTech ni wa 1984, roboti zangu za zamani bado zinaingia mezani, hakuna aliyeniambia zimepitwa.

DaduSita: Si ndio nasema!

MkonoMmoja: Sawa shosh, kwa mgeni nakubali, sheria. Lakini mimi si mgeni, boksi tano nimelipa na bado naitwa mtu wa kago. Hapo kwa maoni nitaandika waulize namba iliyo kwa boksi, si jina la risiti.

NgaraFundi: Hiyo andika. Na huo mkono ni wa kushoto ama kulia? Nina fremu hapa zimebaki.

MkonoMmoja: Kulia. Wenye mkuki, si ngao.

NgaraFundi: Uko. Njoo Jumamosi na gundi yako, yangu imekauka.