Naomba ushauri: majabali ya Land's End kwenye bamba la shaba

Habari zenu wakuu. Niko Uingereza, na nachora majabali ya Land's End, Cornwall, kwa njia ya echingi. Kwa wasioijua: bamba la shaba linapakwa nta, unachora kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha unalitumbukiza kwenye kloridi ya chuma, ambayo inakula pale tu sindano ilipopita; mifereji hiyo ndiyo inayoshika wino wa kuchapa kwenye karatasi.

Mistari imetoka safi. Ile mipasuko ya itale, iliyosimama wima kama maboksi yaliyopangwa, naihisi hata kwa kidole kwenye bamba. Kasheshe ni kivuli cha chini, mawimbi yanapopiga mwamba. Nikibananisha mistari ya kukatizana, dawa inakula hata shaba ya katikati, panabaki kishimo kipana kisichoshika wino. Chapa inatoka kijivu palepale ninapotaka weusi tii!

Kuna aliyenishauri akwatinti, yaani kunyunyiza unga wa utomvu wa msonobari na kuupasha moto ung'ang'anie bamba, ili dawa ile vitone vidogo vidogo kuzunguka kila chembe. Binafsi naogopa mwamba utakuwa laini mno, kama ukungu.

Waliowahi kufanya, je, naweza kuiongeza juu ya bamba hilihili lenye mistari? Povu la mawimbi nilifunike kwa vanishi tangu mwanzo, dawa isilile, libaki jeupe? Na huo unga mnaunyunyizaje bila sanduku maalumu, maana vumbi lake si la kuvuta?

Natanguliza shukrani.