Chapa ya kwanza, toleo jipya au mkusanyo? Nafasi ni ya santuri kumi tu

SindanoNyepesi, Dar es Salaam

Wadau, salaam. Binamu yangu anarudi kutoka Philadelphia mwezi wa kumi na mbili, na kwenye begi lake amenitengea nafasi ya santuri kumi. Pleya ninayo: nimeifufua mwaka huu kwa kubadilisha mkanda na sindano. Fanki, soul, jazz na hip-hop nimezisikiliza kwenye simu miaka yote. Sasa nataka kuzishika mkononi.

Nimekwama kwenye njia tatu. Ya kwanza ni chapa za kwanza, zilizochapwa mwaka ule ule muziki ulipotoka. Ya pili ni matoleo mapya ya siku hizi. Ya tatu ni mikusanyo kama Ultimate Breaks and Beats, juzuu 25 zilizotoka kati ya 1986 na 1991, zenye nyimbo ambazo madijei wa hip-hop walizipenda kwa vile vipande vyake vya ngoma.

Niwaeleze kilichonitia homa hii. Niliona picha ya lebo ya Juicy Fruit, ya 1983, na jina la bendi ni Mtume. Kwetu jina hilo halitamkwi hivi hivi, nikataka kujua limefikaje kwenye wimbo wa fanki wa Marekani. Nikamkuta James Mtume, mzaliwa wa Philadelphia, mtoto wa Jimmy Heath mpuliza saksafoni, aliyempigia Miles Davis, gwiji wa jazz, ngoma za mkono kuanzia 1971 hadi 1975. Mwaka 1994 wimbo wake huo ukawa msingi wa Juicy ya rapa The Notorious B.I.G. Jazz, fanki na hip-hop, zote ndani ya mtu mmoja mwenye jina la Kiswahili! Tangu siku hiyo silali vizuri. Nishaurini.

MzeeWaLebo, Mombasa

Mwanangu, nunua chapa ya kwanza. Nasema kwa sababu nimeishi nazo. Santuri iliyochapwa mwaka wake ilitoka kwenye tepi ya kurekodia ikiwa bado mbichi, na waliokata mifereji yake, ile njia ya sindano, walijua wasikilizaji wao wana mashine gani.

Ukienda kwa Blue Note, kampuni ya santuri za jazz, jifunze kusoma ule ukingo mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Tafuta muhuri RVG au VAN GELDER, huyo ni Rudy Van Gelder aliyezikata. Kisha tafuta alama ndogo kama sikio. Hiyo ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichowachapia hadi 1966, baada ya kampuni kuuzwa kwa Liberty. Muhuri wa Van Gelder ukiwepo bila sikio, mara nyingi hiyo imechapwa baadaye. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya ukingo huo, achana naye.

FundiMawimbi, Arusha

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, hapo kwenye Blue Note nakupinga. Chapa hizo zenye sikio zinawindwa dunia nzima, na zile anazozimudu mtu wa kawaida mara nyingi zilishapitiwa na sindano nzito za miaka ya 60. Mfereji uliochimbwa namna hiyo haurudi, hata uuoshe mara mia. Unalipia jina, unasikia mchanga.

Tangu 2019 kuna mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note wenyewe. Anasimamia Joe Harley, na Kevin Gray anakata mifereji moja kwa moja kutoka kwenye tepi za asili bila kupita kwenye kompyuta. Zipo pia Classic, za bei nafuu zaidi, nazo hukatwa na Gray yuleyule. Kwa jazz ya miaka ya 50 na 60, mimi sioni mjadala.

Ila toleo jipya si neno moja. Yapo yaliyokatwa kutoka kwenye CD na kufungwa kwenye jalada la kupendeza. Kama hawataji tepi wala aliyekata, hilo ni jibu tayari. Na usidanganywe na maandishi ya gramu 180. Uzito hauongezi sauti. Baada ya mafuta kupanda bei 1973 viwanda vingi vilichapa santuri nyembamba, na kuna nyembamba zinazoimba vizuri kuliko hizi nzito. Kwenye begi la binamu gramu hizo zina maana nyingine!

DadaWaArobainiNaTano, Nairobi

Mbona hakuna anayetaja santuri ndogo za 45, zile za mizunguko 45 kwa dakika? Fanki iliishi humo. Mimi hupiga santuri kwenye hafla, na nyimbo nyingi ninazozipenda hazikuwa za albamu kabisa.

Mfano ni Funky Drummer ya James Brown. Ilirekodiwa Novemba 1969 huko Cincinnati, ikatoka 1970 kama santuri ndogo, imekatwa sehemu mbili. Kile kipande mpiga ngoma wake Clyde Stubblefield anapoachwa peke yake na ngoma kiko upande wa pili. Haikuingia kwenye albamu hadi mkusanyo wa In the Jungle Groove, 1986, na baada ya hapo maprodyuza wa hip-hop wakakimaliza. Amen, Brother ya The Winstons, 1969, nayo ilikuwa upande wa pili wa 45. Sekunde kama sita za mpiga ngoma Gregory Coleman, na muziki mzima wa jungle wa Uingereza ukajengwa juu yake.

Angalizo moja: 45 nyingi za Marekani za enzi hizo si vinili, ni stairini, plastiki ya aina nyingine. Inachakaa upesi na haipendi sindano ya madijei. Kwa hiyo Funky Drummer inunue kwenye mkusanyo wa 1986, ndugu yangu. Humo imo ndefu, na imo pia ile ya kipande cha ngoma kikirudiwa rudiwa. Kwa wimbo huu mkusanyo si mbadala wa bei nafuu. Hip-hop iliupokea kwa mlango huo.

MzeeWaLebo

Fundi, marahaba. Kwenye Blue Note nimekusikia, na masikio yangu nayo yamezeeka pamoja na sindano zangu. Lakini soul ya Philadelphia sitawaachia. Kijana ana mtu pale pale mjini! Back Stabbers ya The O'Jays, 1972, ya maprodyuza Gamble na Huff, iliuzwa kwa wingi mno. Chapa ya kwanza ya albamu iliyopendwa hivyo si adimu, hukaa kwenye makasha ya mitumba ikisubiri mtu. Ya nini kulipia mpya?

SindanoNyepesi

Mzee, hilo sikulifikiria, asante sana. Nilidhani kuukuu maana yake ghali. Na Mwandishi ya mpiga kinanda Herbie Hancock, 1971, niende upande gani? Hiyo ndiyo roho yangu.

BintiPwani, Tanga

Kaka, hiyo tafuta ya kwanza, ya Warner Bros., hata kama jalada limechoka. Mtume ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi, na wenzake nao wakajiita: Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile (nami naisoma mwili). Eddie Henderson akawa Mganga, na kweli alikuwa daktari wa hospitali aliyepiga tarumbeta. Hawa walikuwa Wamarekani weusi wakichagua upya majina yao, na walikuja kwenye lugha yetu kuyachukua. Ostinato, wimbo wa humo waliomtolea mwanaharakati Angela Davis, inakwenda kwa mapigo kumi na tano. Nilimpigia marehemu babu, yeye alikuwa mtu wa taarabu, akahesabu kwa vidole hadi mwisho, akaniambia rudisha.

Upande wa pili ni wimbo mmoja wa dakika zaidi ya ishirini, wenye sehemu tulivu mno. Hapo mkwaruzo utausikia, kwa hiyo binamu aukague upande huo kwanza, kwenye mwanga mkali.

SindanoNyepesi

Nimemwandikia usiku huu: Mwandishi ya kwanza, Juicy Fruit ya kwanza, O'Jays na soul nyingine mbili za mitumba, Tone Poet tatu, In the Jungle Groove, na Ultimate Breaks moja atakayobahatika. Kumi kamili.

FundiMawimbi

Mwambie azitoe kwenye majalada. Kila santuri ikae kwenye mfuko wake wa ndani, nyuma ya jalada lake, vyote ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Zikirushwa zikiwa ndani, ukingo wa sahani hupasua jalada. Na azibebe mkononi, zikiwa wima.