Fundi yule amebandua rangi ya mashua yangu kwa ukucha, kisha amesema mbao ndizo zinazoikataa

Mwenye uzi
Wakuu, naandika nikiwa bado nimesimama mchangani, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Yule fundi wa rangi wa hapa Tanga, ambaye kila mwenye chombo kuanzia Moa hadi Pangani anamjua na kwa hiyo sina haja ya kumtaja, amenifanyia leo jambo ambalo sijafanyiwa tangu nilipoanza kumiliki chombo. Amesogea ubavuni mwa mashua yangu mbele ya mabaharia wangu wanne na manahodha wa vyombo vya jirani, amechomeka ukucha wa kidole gumba chini ya rangi aliyoipaka yeye mwenyewe juzi, amevuta, na rangi imetoka nzimanzima kama ganda la muhogo uliochemshwa. Kisha amenitia lile ganda mkononi, kama mtu anayenirudishia chenji, akasema: “Mzee wangu, mbao zako zinakataa rangi.”

Mbao zangu! Mbao za mvule zilizokaa na rangi miaka tisa bila kugombana nayo hata siku moja!

Mashua ni ya futi 28, na tuliipandisha ufukweni kwa bamvua lililopita, yaani maji makubwa yanapojaa. Mwenye chombo anajua kwamba ukipandisha kwa bamvua hushuki mpaka bamvua lijalo, kwa sababu maji mafu, yale madogo ya katikati, hayafiki pale ulipoegesha, kwa hiyo unapata siku kama 14. Siku hizo zinatosha kukwangua rangi ya zamani, kuosha chumvi kwa maji ya kisima, kuacha mbao zikauke, kupiga msasa, kutia puti na kupaka mikono mitatu, yaani tabaka tatu za rangi, kwa nafasi. Fundi yule nilimlipa nusu ya fedha siku ya kwanza, na kwa siku 11 alikuwa “njiani”. Kwa muda aliokuwa njiani angeweza kwenda Muskati kwa jahazi na kurudi na tende.

Amekuja siku ya 12, saa nne asubuhi, baada ya mvua ya vuli kunyesha usiku kucha. Hakuleta hata kipande cha msasa. Rangi ya zamani ya kijani, ambayo ni rangi ya kawaida ya mafuta, ilikuwa bado inang’aa, naye akaipangusa kwa kitambaa kilichokuwa kikinuka samaki. Akapaka mkono mweupe wa kwanza papo hapo. Saa saba, jua likiwa utosini na mbao zikiwa za moto kiasi cha kukaanga yai, akafungua ile rangi ya bluu ya makopo mawili, akaichanganya na haidena yake, ile dawa ya kopo la pili inayoigandisha, na thina kali, akaupaka mkono wa pili. Saa tisa akapaka wa tatu, mzito kama uji wa mgonjwa, kwa sababu alitaka kuwahi mechi.

Saa kumi ubavu wa kulia ukaanza kujikunja. Niliinama mpaka pua yangu ikawa shibiri moja kutoka ubaoni, nikaona vikunjo vidogo vikitembea kutoka kiungo kimoja cha ubao hadi kingine, sawasawa na malai yanapojikusanya juu ya maziwa ukiyapuliza. Nilibonyeza kwa kidole: juu pamekwisha kuwa ngozi, chini panacheza. Kufikia magharibi mashua yangu ilikuwa na makunyanzi kuliko mkongwe aliyezikwa na kufufuliwa.

Hata hayo ningeyasamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni ule ukucha. Lile ganda ninalo mfukoni sasa hivi. Juu ni bluu, katikati ni jeupe, na mgongoni limeng’oka na ile kijani ya zamani, imelainika kama jelo na bado inanuka thina, na kwenye kingo zake kuna punje za chumvi ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezihesabu. Ubao wenyewe, pale lilipotoka, una unyevu ukiugusa. Ganda lote hilo ni ushahidi dhidi yake, naye amelichomoa kwa ukucha wake mwenyewe, amenipa mimi nilishike, amenitazama usoni mbele ya mabaharia wangu, akasema mbao zinakataa. Kisha akaomba fedha ya kopo jingine.

Bamvua ni keshokutwa. Naomba mtu yeyote humu aniambie, ubao unakataaje rangi?

Mvule Mkavu
Pole sana, mkuu. Fundi huyo namjua, na kofia yake naijua. Mashua ya shemeji yangu aliipaka mwaka juzi, na ilipofika Pemba rangi ilikuwa imebaki Tanga. Thina ya rangi ya makopo mawili ni kali kuliko rangi ya mafuta iliyo chini yake, kwa hiyo huilainisha na kuiinua, na hapo kila kitu hujikunja. Lowesha kitambaa kwa thina hiyo, kiegeshe juu ya rangi ya zamani kwa dakika chache. Ikilainika, usipake ile mpya juu yake mpaka uikwangue ya zamani yote hadi ubaoni. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na yeye anajiita fundi.

Binti Nahodha
Mimi nitasema kweli hata kama kaka yetu atakasirika. Wewe ulikuwa wapi siku hizo 11? Msasa namba 80 unauzwa kila duka la vifaa, mabaharia unao wanne, na mashua ilikuwa mbele ya macho yenu. Mngekuwa mmekwisha ikwangua na kuiosha kabla mtu huyo hajafika. Kisha ukasimama ukamwangalia akipaka juani saa saba mchana, juu ya ubao uliolowa mvua, na hukumnyang’anya brashi. Marehemu baba yangu angemrushia kopo.

Mwenye uzi
Dada yangu, nilimlipa afanye kazi, sikumlipa nimfundishe. Na hata kama nilikosea kungoja, je, ni mimi niliyemwambia achomeke ukucha? Ni mimi niliyemwambia anitie ganda mkononi mbele ya watu? Nataka uione ile sura yake alipokuwa anasema “zinakataa”.

Kopo Tupu
Huo ukucha ni mdogo. Mimi niko Mombasa, nina boti ya faiba, na fundi wetu alipaka rangi ya bei mbaya kabisa juu ya boti mpya iliyotoka kwenye kalibu, bila kuiosha ile nta inayowekwa ili faiba isigandame. Siku ya tatu majini rangi ilivuka kama nyoka anavyovua gamba, ubavu mzima kwa mkupuo, na watalii wakapiga picha. Wewe umepewa ganda la kutia mfukoni. Mimi langu lingetosha kuezekea banda la kuku.

Msasa 120
Tatizo la watu wote hawa ni thina ya madukani. Kuna muuzaji, nanyi nyote mnanunua kwake, anayechanganya thina na petroli. Nimeitia kwenye rangi nzuri, ikaganda madongemadonge kopo likiwa wazi. Nilipomrudishia, aliniuliza kama nililitikisa kopo. Nililitikisa, mabwana, na nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba nililitikisa!

Kusi la Mwaka
Mimi nataka kujua mashua hiyo ilipakwa nini kabla ya ile kijani. Chombo cha marehemu babu kilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka mingi, na mafuta hayo yakishaingia ubaoni, rangi yoyote utakayopaka juu yake itabanduka. Tuliwalipa mafundi watatu bure kabla hatujalielewa hilo. Ubao wa msaji nao una mafuta yake ya asili, lazima uupanguse kwa thina safi kabla ya kupaka.

Mwenye uzi
Haijawahi kupakwa sifa hata tone. Ni mvule, na ilikuwa na rangi miaka tisa. Narudia: miaka tisa.

Nahodha Mstaafu
Vijana, mnapoteza wakati na makopo. Sisi tulikuwa tukipandisha chombo, tunakiunguza chini kwa moto wa makuti ili kuua wadudu, tunatia kalafati ya kuziba viungo vya mbao, kisha tunapaka deheni ya chokaa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama. Haijikunji wala haibanduki, na hakuna fundi wa kukudai fedha ya kopo jingine.

Kopo Tupu
Mzee wangu, kwa heshima zote, deheni unairudia kila baada ya bamvua chache, nayo ni ya chini ya mstari wa maji tu. Ubavu wa juu utaupaka nini? Zamani kulikuwa na rangi za chini zenye TBT, sumu ya kemikali yenye bati, ambazo chaza hawakuzisogelea, lakini mkataba wa kimataifa wa 2001 ulizipiga marufuku, na tangu 2008 unatumika. Sasa tunanunua za shaba.

Nahodha Mstaafu
Ubavu wa juu tuliupaka sifa.

Kusi la Mwaka
Ndiyo hiyo hiyo sifa iliyotuharibia mbao, mzee wetu!

Binti Nahodha
Hiyo chokaa ya deheni tutaipata wapi leo? Wachomaji wanavunja matumbawe hai, na wavuvi wa kwetu wamekwisha gombana nao kwa sababu samaki wanakosa pa kuzalia. Chokaa ya mfuko ya dukani mimi nimeijaribu, na ilioshwa na maji siku ya pili.

Nahodha Mstaafu
Uliichanganya na shahamu moto au baridi?

Binti Nahodha
Baridi.

Nahodha Mstaafu
Basi hukutia deheni, binti yangu. Iyeyushe kwanza, uipige na chokaa ingali ya moto mpaka mkono uchoke, kisha uipake kwa kiganja. Nani mwingine aliijaribu ile ya mfuko?