Mbwembwe za Harlem Globetrotters tulizozitazama utotoni: zilifanywaje hasa?

Kapu_la_Chuma

Wakuu, heshima kwenu. Kwa watoto wengi wa enzi ile, picha ya kwanza ya mpira wa kikapu haikuwa NBA, ligi kuu ya Marekani. Ilikuwa Harlem Globetrotters, timu ya Marekani ya kikapu cha maonyesho na vichekesho, na bukta zao za mistari myekundu na myeupe: Meadowlark Lemon akimkimbiza mtu na ndoo ya maji, Curly Neal mwenye kipara akiteleza kwa magoti huku mpira unaendelea kudunda, na ule mduara wa kupasiana kwa mluzi kabla ya mechi.

Naomba wanaoujua mchezo huu kwa undani wafafanue. Mpira unakaaje kidoleni muda wote ule? Ndoo ya maji inageukaje vikaratasi? Wale wapinzani walikuwa wanaachia makusudi? Na kwa kikundi cha vijana wa sekondari wanaotaka kuonyesha kitu kama hiki mapumziko ya bonanza, waanze na lipi?

---

Valvu_Juu

Nijibu la kidole, maana ndilo watu hulikosea zaidi.

Anza na mpira wenyewe. Mpira wa saizi namba 7 una mzingo wa karibu sentimeta 75 na uzito wa gramu 567 hadi 650. Ujaze upepo vizuri, shinikizo la pauni 7 hadi 9 kwa inchi ya mraba kama ilivyoandikwa pembeni mwa tundu la upepo. Mpira uliolegea hubonyea pale kidole kinapogusa, kidole kinashika eneo kubwa, na mzunguko unakufa mapema. Uliovimba upande mmoja usihangaike nao, hautatulia hata ufanyeje.

Tundu la upepo liweke juu kabisa au chini kabisa, lisikae pembeni. Sehemu ile ina uzito tofauti kidogo na ngozi nyingine. Ikiwa kwenye mhimili haidhuru kitu, ila ikiwa pembeni mpira unayumba kwa kila mzunguko.

Sasa shika mpira kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, usawa wa kifua, kiwiko cha mkono wa kuzungushia kikiwa karibu na mbavu. Zungusha kwa kifundo cha mkono. Mpira uinuke sentimeta 10 au 15 tu, umesimama wima. Ukitumia bega utaurusha mbali na utainama. Upokee kwa kidole cha shahada kilichonyooka, mkono ukishuka nao kidogo kana kwamba unapokea yai. Kwanza unaugusa kwa nyama ya ncha ya kidole, halafu unakisogeza mpaka mpira ukae juu ya ukucha. Nyama inasugua na kupunguza kasi, ukucha ni mlaini na mgumu, mpira unateleza juu yake.

Macho yawe juu ya mpira, kwenye kile kiduara kinachoonekana kimesimama. Anayetazama kidole huchelewa kuona mpira unavyoegemea. Unapoegemea kulia, peleka kidole kulia chini yake. Watu wengi huvuta upande wa pili na hapo hapo unaanguka.

Kuhusu kukaa muda mrefu: kasi ndiyo inayousimamisha, kama pia ya kuchezea watoto. Kwa hiyo kiganja cha mkono wa pili kinaupapasa ubavuni kwa vipigo vyepesi, daima upande ule ule unaoelekea mzunguko. Kipigo kikishuka chini ya kiuno cha mpira, kinauinua na kuutoa kidoleni.

---

Benchi_la_Wageni

La ndoo ni ndoo mbili, mkuu, na siri yote iko kwenye ile ya kwanza. Ile ina maji kweli, na ni lazima mtu alowe mbele ya macho ya watu wote. Baada ya hapo mchezaji anachota ndoo ya pili, ya rangi na ukubwa ule ule, iliyojaa vikaratasi, anaibeba kwa kuyumba kama nzito, anamfuata mwenzake hadi karibu na jukwaa, mwenzake anainama, na vikaratasi vinawamwagikia watazamaji. Ndoo ya kwanza ikikosekana, hakuna anayeogopa.

Linaloharibu huwa ni sakafu. Maji juu ya mbao au saruji iliyong'arishwa huvunja watu miguu. Maji yamwagwe nje ya mstari, yawe kidogo tu (lita moja inatosha kabisa kumlowesha mtu), na watu wawili wenye matambara wawe tayari kabla mchezo haujaendelea. Vikaratasi visikatwe vidogo kama unga, vinanata palipolowa na kufagia ni kazi ya usiku kucha.

Ile mipira ya ajabu nayo si mazingaombwe. Upo uliopachikwa uzito upande mmoja kwa ndani: kitovu cha uzito hakiko katikati, kwa hiyo unadunda kushoto ukitarajiwa kulia. Upo wa lastiki, wa kutupia adhabu: unatoka mkononi, unafika njiani, unamrudia mtupaji. Mipira hii miwili pamoja na ule mduara wa kabla ya mechi huhesabiwa kuwa kazi ya Bob Karstens, aliyejiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa vijana, lastiki iwe ya rangi ya kufifia na ipimwe kwanza bila watu, kwa sababu mpira unarudi kwa kasi, na kama mtupaji hajaweka mikono mbele ya uso utamvunja pua.

---

Refa_wa_Zamu

Kwenye la wapinzani, tusiwadharau Washington Generals, wale waliokuwa wakicheza nao kila mara. Timu hiyo iliundwa 1952 na Red Klotz, mtu wa kimo cha karibu sentimeta 170 aliyetwaa ubingwa na timu ya kulipwa ya Baltimore Bullets mwaka 1948. Mpangilio ulikuwa hivi: wakati wa kitimbi Generals wanakaa mahali walipopangiwa na kukiacha kipite, lakini kitimbi kikiisha wanacheza, wanakaba na kufunga. Ndiyo maana tarehe 5 Januari 1971, mjini Martin, Tennessee, walishinda 100–99. Globetrotters walizama kwenye vichekesho, matokeo yakawaponyoka, na Klotz mwenyewe, akiwa na miaka 50, akafunga kikapu cha mwisho. Hapo ulikatika mfululizo wa ushindi unaotajwa kuwa wa mechi 2,495. Usiku ule timu ya Klotz ilikuwa imevaa jina la New Jersey Reds, ndiyo maana kumbukumbu nyingine zinachanganya.

Na Globetrotters wenyewe walikuwa timu ya kushindana kabla ya yote. Walianzia Chicago, wala si Harlem, mtaa maarufu wa watu weusi mjini New York. Abe Saperstein, meneja wao, aliwapa jina hilo ili kila mji wanaofika ujue wanaokuja ni wachezaji weusi. Mechi yao ya kwanza ya safari ilikuwa Januari 1927 katika mji mdogo wa Hinckley, Illinois, na Harlem penyewe hawakucheza mpaka 1968. Mwaka 1940 walitwaa ubingwa wa dunia wa timu za kulipwa. Tarehe 19 Februari 1948 walikutana na Minneapolis Lakers, timu ya kulipwa ya jitu George Mikan, mbele ya watu zaidi ya 17,000, wakawa nyuma kwa pointi 9 mapumziko, wakaanza kumkaba Mikan watu wawili wawili, na Ermer Robinson akafunga kwa mbali dakika ikiisha: 61–59. Miaka miwili baadaye Nat Clifton, aliyekuwa kwao, akasajiliwa na New York Knicks ya NBA.

Vichekesho viliingia kwa sababu ya kazi. Timu ya watu watano au sita, inacheza karibu kila usiku, ikishaongoza kwa pointi nyingi inahitaji kupumua. Mmoja akidundisha peke yake huku wengine wamesimama, miguu inapona, na wenyeji waliofungwa hawaondoki na hasira. Marques Haynes alikuwa fundi wa hilo, anadundisha hadi amelala chini. Mpira ukishushwa karibu na sakafu unarudi mkononi upesi mno, mkabaji hapati nafasi ya kupenyeza mkono.

---

Kapu_la_Chuma

Asanteni sana, hili la ndoo ya kwanza sikuwahi kuliwaza. Bado swali la vijana: waanze na mduara au na kitu kingine?

---

Pasi_ya_Nyuma

Waanze na kusuka, ndugu yangu. Watu watatu, meta 3 au 4 kati yao. Sheria ni moja: unampa pasi mwenzako kisha unapita nyuma ya uliyempa. Wakipita mbele yake wanagongana. Pasi iende mbele ya mpokeaji, afike nayo. Wafanye kwa kutembea wiki nzima kabla ya kukimbia, bila kudundisha hata mara moja.

Kisha mduara. Watu watano, kila mmoja aweze kumfikia jirani kwa kunyoosha mkono. Kila mmoja achague jambo moja tu analoliweza: kuzungusha nyuma ya mgongo, kuugonga kwa kiwiko, kuupitisha kati ya miguu, kuubiringisha kutoka kiganja kimoja hadi kingine kupitia mabegani. Huu wa mabegani ndio unaopendeza na ndio unaoanguka. Mikono inyooke kabisa usawa wa mabega, kiganja cha kuanzia kiinuke kidogo tu, kichwa kiiname mpira upite nyuma ya shingo. Kiwiko kikikunjika, mpira unatumbukia kwenye kona yake. Jasho nalo ni adui, kitambaa kikavu kikae karibu.

Muziki waliotumia ni "Sweet Georgia Brown" ya mluzi ya Brother Bones, iliyorekodiwa 1949 na kufanywa wimbo wa timu 1952. Nyimbo za aina hiyo huhesabika kwa nne. Mpe kila kijana mapigo 8: 2 kupokea, 4 kuonyesha, 2 kutoa. Asiyemaliza katika 8 apunguze manjonjo yake, asiwacheleweshe wenzake. Mpira ukianguka, aliye karibu auokote kwa kuudundisha chini chini hadi uinuke, aingie kwenye hesabu inayofuata. Hilo la kuuokota walifanyie mazoezi makusudi, kwa sababu siku ya bonanza utaanguka tu.

Kutupa kwa mkono mmoja wa pembeni kutoka katikati ya uwanja, kama alivyokuwa akifanya Lemon, wasiguse kwanza. Ni zaidi ya meta 12. Waanzie meta 3 kutoka kikapuni, bega la kushoto likielekea ringi kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono unyooke juu ya sikio, na warudi nyuma meta moja tu pale wanapofunga 6 kati ya 10.